SOMO: KUMSAIDIA ANAYEMWUGUZA ASKARI WA ZAMANI

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Askari wa JWTZ pamoja na mgambo waliyarudisha nyuma, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Wengine walirejea na majeraha. Leo hii wamepita miaka 60, na jeraha la ujana limeongezewa maradhi ya uzee. Anayewauguza ni mke, binti au mkwe.

Mzigo wake

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe yapata kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia. Mwingine hushtuka usiku kwa ndoto za vita. Mwenye kuuguza halali, wala hafiki shambani kwa wakati. Palizi hupita, kahawa huiva na kuanguka. Fedha ya dawa ikikosekana, huishia kuuza kahawa ingali mtini, yaani butura, kwa bei ya kutupa. Hapo shida ya nyumba moja huwa hasara ya chama kizima, kwa kuwa kahawa hiyo haifiki ghalani.

Wajibu wa chama

Kanuni ya saba ya ushirika, iliyokubaliwa duniani mwaka 1995, huvitaka vyama viijali jamii. Basi yafaa:

1. Kamati izijue nyumba zenye wagonjwa wa namna hii, na imwulize mwenye kuuguza hali yake mwenyewe, si ya mgonjwa tu.

2. Wanachama wapange zamu: wengine wachume kahawa, mmoja akae na mgonjwa ili mwenye kuuguza apate kulala au kwenda zahanati.

3. Mkutano mkuu uweke masharti ya mkopo mdogo wa dharura, ili msaada uwe haki ya mwanachama, usiwe hisani ya viongozi.

4. Uanachama ukiwa kwa jina la mume peke yake, mke ahimizwe kujiunga, apate sauti katika mkutano.

Maswali ya kujadiliwa

(a) Ni nyumba ngapi za wanachama zinazouguza askari wa zamani?
(b) Msimu uliopita, nani aliuza butura kwa sababu ya ugonjwa?
(c) Zamu ya kwanza itaanza lini, na kwa nani?

Askari hao walilinda mipaka. Kuwalinda wanaowauguza ni deni la waliobaki.