Dhana Tatu katika Neno "Nguvu": Istilahi na Hesabu za Umeme

Mkazi wa Kiriaini, mji wa soko katika Kaunti ya Murang'a kwenye barabara iendayo Othaya na Nyeri, akiona taa zimefifia jioni husema kuwa stima haina nguvu. Akinunua birika la umeme linalochemsha maji upesi, husema kuwa lina nguvu. Darasani nako neno hilo hilo hutumiwa mahali ambapo wanaistilahi wamependekeza "kani". Katika mazungumzo utata huu hauna madhara. Katika hesabu hauvumiliki.

Taa zinapofifia, kilichopungua ni volteji (V), yaani msukumo unaoupeleka umeme, nayo hupimwa kwa volti. Mkondo (I) ni kiasi cha chaji kinachopita kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Ukinzani (R) hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Georg Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827: V = I × R. Istilahi "ukinzani" inafaa kuliko "upinzani", ambayo wanasiasa wamekwisha kuitwaa. Sifa ya birika, kwa upande mwingine, ni uwezo (P), yaani nishati inayotumika kila sekunde. Huo hupimwa kwa wati: P = V × I.

Mathalani, birika limeandikwa wati 2,000, na umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Mkondo ni 2,000 ÷ 240, yaani ampea 8.33. Ukinzani ni 240 ÷ 8.33, takriban omu 28.8.

Sasa volteji ishuke hadi 200. Mwanafunzi anayedhani kuwa wati ni mali ya birika atajibu kuwa uwezo ungali 2,000. La hasha. Kinachobaki karibu vile vile ni ukinzani. (Si hivyo kwa balbu ya uzi, ambayo ukinzani wake huongezeka mno uzi unapopata moto.) Mkondo unakuwa 200 ÷ 28.8, yaani ampea 6.94, na uwezo 200 × 6.94, takriban wati 1,389. Nishati ya kuchemsha maji yale yale, ambayo Kenya huiita pia kawi, haikubadilika. Hivyo chai iliyohitaji dakika 5 itahitaji zaidi ya dakika 7.

Hatari iko kwenye waya. Birika hilo likichomekwa kwenye ekstensheni ndefu na nyembamba yenye ukinzani wa omu 2, ukinzani wote unakuwa omu 30.8, na mkondo 240 ÷ 30.8, yaani ampea 7.79. Uwezo unaopotea ndani ya waya hupatikana kwa kuweka I × R mahali pa V, hivyo P = I × I × R: 7.79 × 7.79 × 2, takriban wati 121. Hilo ni joto kuliko la balbu ya zamani ya wati 100. Waya ukiwa umenyooshwa, joto hilo hutawanyika hewani. Ukiwa umeviringishwa chini ya zulia, hulimbikizana mahali pamoja hadi plastiki ikayeyuka.

Anayeeleza ajali hiyo kwa kusema tu kuwa "stima ilikuwa na nguvu nyingi" atamfanya msikilizaji alaumu volteji, ilhali volteji ilikuwa 240 ileile ya kila siku. Kilichouchoma waya ni mkondo ukipita katika ukinzani wake.