Mficha Uchi Hazai, Mdogo Wangu

Haya, vuta kiti. Wewe wa Ziwa, kule karibu na Eldoret, unayekamua alfajiri, ukapalilia mahindi kutwa, kisha saa nne ya usiku ndiyo unafungua simu kutazama somo la wiki tatu zilizopita. Nimekusikia: "Dada, nitafidia mwisho wa mwezi." Mwezi upi, mpenzi?

Sikucheki. Nami niliwahi kulipia kozi ya mtandaoni, chuo sikitaji, wakanitupia mafaili siku moja kama mtu anayemwaga magunia ghalani. Zoezi hakuna, wala wa kuniuliza nimefika wapi. Nikajiona mimi ndiye mjinga. Nikanyamaza, ada ikaliwa. Aibu ile ilinikaa kifuani kuliko hata hasara.

Kumbe wazee walijua, kabla ya simu za mkononi, kwamba somo bila zoezi halishiki. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kule Kikuyu, chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kilianzisha masomo ya posta kwa walimu wa shule za msingi. Vijitabu vilitumwa, vipindi vikasikika redioni, na mwanafunzi akirudisha zoezi, linasahihishwa na kurejeshwa. Ule wino mwekundu, mdogo wangu, ndio uliokuwa mwalimu. Kijitabu peke yake kingekuwa cha kufungia sukari.

Sasa tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, Konza, kilichopewa hati mwaka 2023. Huhitaji kupanga chumba Eldoret ndipo usome. Vizuri. Ila chuo chochote utakachokipenda, kabla hujatuma pesa uliza: zoezi la kwanza ni lini? Nani anasahihisha, na baada ya siku ngapi? Somo naweza kulipakua nikasome bila bando? Wakikuzungusha, shika mkoba wako.

Na wewe mwalimu unayetaka kuwatengenezea wenzako kozi, usijifiche nyuma ya mlango, nakuona. Video ya saa nzima itamla mtu bando alilojiwekea la wiki. Ikate vipande vifupi, na kila kipande kiishe na kazi ya kufanya, hata swali moja. Mtu aliyechoka na jembe husogea kwa swali, hasogei kwa hotuba.

Basi wewe wa wiki tatu. Usianze kusoma yote leo usiku, utalala juu ya simu. Mwandikie mwalimu wako kwanza: "Nimechelewa, nianzie wapi?" Andika sasa hivi, nikikuangalia.