SOMO LETU: Shati Lililokauka Bado Halijaiva



Wenzetu wengi wa Arua na Koboko wanachapa fulana nyumbani baada ya zamu: za Mei Mosi, za shule, za timu ya mpira, hata za mazishi. Fremu ya mbao, kitambaa cha matundu, mpira wa kusukumia wino, basi. Kuchapa wanajua. Hasara iko kwenye kukausha.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulichapa fulana 40 za Mei Mosi kwa michango ya wanachama. Tukazianika juani kutwa, tukaona zimekauka, tukagawa. Zilipofuliwa mara mbili, neno UMOJA likabaki kwenye maji ya beseni. Watu hawakulaumu wino. Walisema viongozi wamekula pesa wakanunua rangi rahisi. Ilituchukua mikutano mitatu kujieleza.

Wino unaotumika sana ni wa aina mbili. Wa maji hukauka kwa upepo, lakini gundi inayoshikisha rangi kwenye pamba hukamata sawasawa kwa moto. Wa pili ni wa plastiki, mafundi huuita plastisoli. Huo haukauki juani hata ukae mwezi. Unataka joto la karibu nyuzi 160 za sentigredi, tena lipenye wino wote, si ngozi ya juu tu. Jua la Koboko mwezi wa Februari ni kali, tunakubali, lakini hata bati la nyumba halifiki hapo. Mwenye pasi tu nyumbani anunue wino wa maji.

Fulana ilazwe kivulini penye hewa, mbali na vumbi la barabara, mpaka kidole kisishike rangi. Ikilala usiku mmoja ni vizuri zaidi. Kisha igeuze ndani iwe nje, tandika kitambaa safi cha pamba juu yake, upige pasi kavu, bila kunyunyiza maji, dakika 3 hadi 5 kila sehemu yenye picha, ukisogeza polepole. Maandishi ya kopo yakisema dakika nyingine, fuata kopo. Pasi ya mkaa ipepee nje majivu yatoke, ufute uso wake, uijaribu kwenye kitambaa kikuukuu cha pamba: kikigeuka kahawia, ngoja ipoe. Nguo ya nailoni usiipe moto huo, itayeyuka.

Jiko la mkaa na pasi visitumike chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua. Petroli au tina ya kusafishia fremu ikae mbali kabisa na moto. Kiwandani tunadai madirisha. Nyumbani tusijifungie wenyewe.

Kabla ya kugawa, ngoja siku moja au mbili, ufue fulana moja kwa sabuni na kuisugua kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, zote zirudi kwenye pasi. Hiyo moja usiiuze. Iandike tarehe na aina ya wino, uiweke sandukuni. Mteja akija kulalamika, itoe mwangalie pamoja.