PUNGUZA MAFUTA, USIPUNGUZE NGUVU



Somo letu la leo ni la afya. Lisome polepole, kisha mlijadili nyumbani au katika kikundi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa Mwazye. Ana umri wa miaka 50. Alipimwa akaonekana ana kilo 82, na presha iko juu. Akashauriwa apunguze uzito.

Mama akashika shauri hilo kwa bidii. Asubuhi alikunywa uji mweupe. Jioni alikula ugali kidogo kwa mchicha. Maharage akaacha, dagaa akaacha. Kazi nzito akawaachia watoto. Baada ya miezi 3 alikuwa amepungua kilo 9. Majirani wakamsifu.

Lakini msimu wa kulima ulipofika, mambo yakawa mengine. Alilima matuta machache tu, magoti yakaanza kutetemeka. Ndoo ya maji ya lita 20, aliyozoea kujitwisha mwenyewe, sasa haipandi kichwani. Akaenda kwa nesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nimepungua vizuri, lakini na nguvu zimekwenda?"

"Mama, mizani inapima kilo tu. Haisemi kama kilo zilizotoka ni za mafuta au za misuli."

Basi hapo ndipo penye somo letu.

KUNI NA MATOFALI

Anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma anahitaji kuni na matofali. Kuni hutoa moto. Matofali husimamisha ukuta. Hata ukirundika kuni nyingi namna gani, hazitakuwa ukuta.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Ugali, viazi, sukari na mafuta ya kupikia ni kuni zake. Ukila kuni nyingi kuliko kazi unayofanya, mwili huziweka akiba. Akiba hiyo ndiyo mafuta ya tumboni na kiunoni. Maharage, dagaa, mayai, nyama na maziwa huleta matofali. Matofali hayo huitwa protini, na ndiyo yanayojenga misuli.

Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori, kama vile uzito unavyopimwa kwa kilo. Gramu 1 ya wanga ina kalori 4. Gramu 1 ya protini ina kalori 4. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9.

Ukila kalori chache, mwili hufungua ghala la akiba na kuchoma mafuta. Hilo ndilo tunalotaka. Lakini kila siku mwili unahitaji pia protini ya kutengeneza damu, ngozi na viungo vya ndani. Usipoileta kwa chakula, mwili huibomoa misuli na kuichukua humo. Ni kama mtu anayebomoa ukuta wa sebule ili azibe ufa wa jikoni! Na misuli isiyopewa kazi ndiyo hupungua zaidi.

WATAALAMU WALIONA NINI?

Katika miaka ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kula kidogo kwa muda wa miezi 6. Chakula chao kikubwa kilikuwa viazi, mkate na makaroni. Kila wiki walitembea kilometa 35 hivi. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Mafuta yalitoka, lakini misuli nayo ilitoka, na nguvu zao zikashuka sana. Kumbe kutembea peke yake hakukutosha.

Mwaka 2016, wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walieleza habari za vijana wa kiume 40. Kwa wiki 4 vijana hao walipunguziwa kalori nyingi, huku wakifanya mazoezi mazito. Waliopewa protini nyingi walipoteza kilo 4.8 za mafuta, na sehemu isiyo ya mafuta ikaongezeka kilo 1.2. Waliopewa protini nusu ya hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli yao haikuongezeka kitu.

Maana yake ni hii: inawezekana mtu ale kidogo, apungue mafuta, na misuli ibaki. Ila matofali yaletwe, na misuli ifanye kazi.

TUFANYE HESABU

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kwa wiki ni 500 x 7 = 3,500. Hiyo ni karibu nusu kilo ya mafuta. Inatosha. Usiwe na haraka.

Punguza wapi? Punguza sukari, pombe, mafuta ya kupikia na ukubwa wa bonge la ugali. Usipunguze maharage. Kikombe 1 cha maharage yaliyopikwa kina protini gramu 15 hivi. Yai 1 lina gramu 6. Gramu 30 za dagaa wakavu, kama wale wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kutoka Kasanga, zina gramu 18 hivi. Kama wana chumvi, waoshe kwa maji moto. Anayepunguza uzito ajaribu kupata gramu 1 ya protini, au zaidi kidogo, kwa kila kilo anayotaka kubaki nayo.

Kisha ipe misuli kazi mara 3 kwa wiki, hata baada ya mavuno wakati jembe limepumzika. Keti kwenye kigoda na kusimama mara 10, pumzika, rudia mara 3. Sukuma ukuta kwa mikono. Inua ndoo ya mchanga, na uzito uuongeze kidogo kidogo.

ANGALIA!

Somo hili si la kila mtu. Mtoto, mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mgonjwa wasipunguziwe chakula. Anayetumia dawa za sukari au presha, na mwenye ugonjwa wa figo, amwone mganga kwanza.

Tena tukumbuke kwamba mkoa wetu wa Rukwa unasifika kwa mahindi. Lakini upimaji wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni hii: kuni zipo, matofali hayatoshi. Basi sahani ya maharage inayomfaa mama, kwanza imfikie mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama yule alipungua kilo, na nguvu zikapungua?
2. Taja vyakula 3 vya kujenga mwili vinavyopatikana kijijini kwenu.
3. Nyumbani kwako, nani hupata maharage na dagaa kwanza? Je, ni haki?