SOMO LA WIKI: Kichwa cha mnunuzi baada ya hasara

Wacheza karata za fedha, hasa mchezo wa poka, wana adui mmoja wanayemwogopa kuliko mpinzani aliye mezani: hasira inayofuata hasara. Mchezaji aliyepoteza huongeza dau ili arudishe fedha zake papo hapo, huingia na karata ambazo angezitupa asubuhi akiwa ametulia, na wenzake wakishamsoma uso humkamua hadi senti ya mwisho. Wafanyabiashara wa ndizi wa Tukuyu na Kiwira hawachezi poka, lakini ugonjwa huo wanaufahamu.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Mnunuzi ana mtaji wa shilingi 3,000,000. Ananunua mikungu 200 vijijini Rungwe kwa sh. 8,000 kila mmoja, na lori hadi Dar es Salaam linamgharimu sh. 600,000, yaani sh. 3,000 kwa mkungu. Bei ya kawaida Mabibo ni sh. 11,500, hivyo anatarajia faida ya sh. 500 kwa kila mkungu. Anafika na kukuta malori yamejaa sokoni. Anauza kwa sh. 9,000 na kurudi nyumbani akiwa amepoteza sh. 400,000.

Mpaka hapo hakuna kosa. Bei aliyonunulia ilikuwa sahihi, soko ndilo lililogeuka. Katika poka, mwenye ree mbili akishindana na mwenye wafalme wawili kabla karata za mezani hazijafunuliwa, hushinda takriban mara 8 kati ya 10. Mara 2 zilizobaki hushindwa, na hakuna mchezaji mwenye akili atakayezitupa ree siku nyingine kwa sababu hiyo.

Balaa huanza safari ya pili. Mnunuzi huyo amebakiwa na sh. 2,600,000. Anakopa sh. 2,000,000 na kutafuta mikungu 400. Mkulima anamwona ana haraka, dereva anapiga honi, wingu la mvua limetanda juu ya Mlima Rungwe. Bei inapandishwa hadi sh. 9,000 naye anakubali bila kubishana. Lori kubwa ni sh. 1,000,000. Jumla ametumia sh. 4,600,000, yaani sh. 11,500 kwa mkungu, ambayo ndiyo bei ya kawaida ya Mabibo! Hata soko likiwa zuri kama siku zote hapati kitu. Soko likirudia sh. 9,000, anapoteza milioni nzima, na akishalipa mkopo, hata bila riba, mkononi hubaki sh. 1,600,000.

Wataalamu Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jambo hili mwaka 1979: hasara humuuma mtu kuliko inavyomfurahisha faida ya kiasi kilekile, na asiyekubali kwamba kilichopotea kimepotea huwa tayari kubahatisha kwa namna ambayo siku nyingine angeikataa.

Kahawa, ambayo nayo hulimwa Rungwe, ilitoa funzo kali zaidi. Baada ya baridi kali kuunguza mikahawa ya Brazil mwezi Juni na Julai 1994, bei ya New York iliruka hadi zaidi ya dola 2 za Marekani kwa ratili. Kufikia mwisho wa 1995 ilikuwa imerudi karibu dola 1, mwezi Mei 1997 ikapita dola 3, na mwishoni mwa 2001 ikawa chini ya senti 50. Aliyeifukuza bei hiyo kwa hofu wakati wa kupanda na kwa hasira wakati wa kushuka alipigwa pande zote mbili.

Mwenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998, ana nafuu moja: hisa hailazi damu wala haiivi njiani. Anaweza kulala usiku mmoja kabla ya kuamua. Mkungu uliokwisha kukatwa haungoji, kwa hiyo uamuzi wa mnunuzi wa ndizi lazima ufanyike kabla panga halijagusa mgomba.

Njia yenyewe si ngumu. Apige simu Mabibo jioni, atoe nauli, atoe faida anayoitaka, kisha aandike kwenye daftari bei ya juu kabisa atakayolipa shambani. Kwa hesabu ya hapo juu ni sh. 8,000. Mkulima akikataa, waagane kwa heshima, kwani wote wawili watarudi sokoni. Lori lisikodiwe zima kabla mzigo haujapatikana, maana dereva anayesubiri malipo ndiye humsukuma mnunuzi kupandisha bei. Na kwa safari ya kwanza baada ya hasara, afadhali apange nafasi ya mikungu 100 katika lori la mwenzake kwa fedha zake mwenyewe, na mkopo uachwe kwanza.