Sola na Bili ya Stima: Mambo ya Kujua Kabla Hujatuma Pesa

"Weka sola, uuzie Kenya Power stima inayobaki, kila mwezi upokee pesa kwa simu." Ukiambiwa hivi na muuzaji, usibonyeze "Tuma" kwanza. Hebu tuangalie sheria inasema nini.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja wa stima mwenye mtambo wake wa kawi safi, usiozidi kilowati 1,000, kuunganishwa na laini na kupeleka huko stima asiyotumia. Kanuni za kufanya hivyo zilitoka 2024. Unawekewa mita inayohesabu pande mbili: yuniti unazochukua na yuniti unazotoa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hulipwi pesa. Unapewa yuniti za kupunguza bili yako, tena nusu tu ya zile ulizotoa.

Tuchukue mfano. Mwezi huu umepeleka yuniti 100 kwenye laini. Unahesabiwa 50. Usiku ulichukua yuniti 80 kutoka kwa laini. Basi utalipia 30. Zile 50 nyingine zimebaki huko, kwa sababu laini, transfoma na nguzo unazotumia zina gharama pia.

Kwa hivyo yuniti unayotumia mwenyewe jua likiwaka inakuokolea pesa mara mbili ya ile unayotoa nje. Mwenye posho mill au karakana ya kuchomelea, anayefanya kazi mchana, atafaidika haraka. Nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi na kurudi jioni itapeleka stima nyingi nje kwa nusu. Kama ni wewe, nunua paneli chache zaidi, au hamishia kazi za mchana: pampu ya maji, kupiga pasi, kufua kwa mashine.

Jambo lingine: stima ikipotea mtaani, inveta iliyounganishwa na laini lazima ijizime. Si hitilafu. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini waya hauna stima; mtambo wako ukiendelea kusukuma, unaweza kumuua. Maana yake ni kwamba bila betri, na wewe utakaa giza kama jirani, hata jua likiwaka. Anayekuahidi kwamba paneli pekee zitamaliza blackout, muulize betri iko wapi.

Kabla ya kulipa:

1. Omba kuona leseni ya fundi kutoka EPRA, kisha uithibitishe na EPRA wenyewe.
2. Chukua bili zako za miezi kadhaa. Fundi akupigie hesabu ya matumizi ya mchana na ya usiku, kila moja peke yake.
3. Uliza gharama ya mita na ya kuunganishwa iandikwe kwenye kwotesheni.
4. Usiunganishe na laini kimyakimya. Ombi hupelekwa kwa kampuni ya usambazaji, na mkataba hutiwa saini kwanza.
5. Lipia Till au Paybill ya biashara, si namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na uhifadhi ujumbe wa malipo.

Ukichukua mkopo wa sola ukitarajia malipo ya kila mwezi ambayo hayapo, mkopo bado utadai. Piga hesabu kwa stima utakayotumia mwenyewe. Ikilipa hapo, endelea. Yuniti za kupeleka nje zihesabu kama nyongeza tu.