Kumtumaini Mungu Bila Kukunja Mikono

Kuna maswali ambayo hayaulizwi wakati ibada ikiendelea. Husubiri watu watawanyike, kisha mama mmoja anabaki kwenye benchi la nyuma, au kijana anamfuata mchungaji hadi ilipoegeshwa pikipiki. Ada ya mtoto imeshindikana. Daktari ametamka jina la ugonjwa ambao nyumbani bado hawajaambiwa. Siku ya marejesho ya kikoba imefika na genge halijauza. Maneno hutofautiana, lakini swali huwa moja: majaribu yakimkaba mtu kooni, aombe na kusubiri, au ainuke atafute njia?

Majibu yafuatayo yametoka katika Maandiko, na pia katika maisha ya Wakristo waliopita katika nchi hizi za Afrika Mashariki wakiwa na mizigo mizito kuliko ya wengi wetu.

Je, Mkristo akiogopa, imani yake ina kasoro?

Hapana. Ukiwaondoa waliowahi kuogopa, Biblia itabaki na majina machache mno.

Eliya aliwakabili manabii 450 wa Baali pale Karmeli, na muda mfupi baadaye akamkimbia Yezebeli hadi jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Kilichofuata kinafaa kusomwa polepole. Hakukemewa. Alilala, malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa makaani na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mungu alianza na njaa na uchovu wa mtumishi wake. Mazungumzo makubwa yalisubiri mpaka Horebu, baada ya safari ya siku arobaini. Wapo wanaoombewa usiku kucha kwa huzuni ambayo nusu yake ingepungua kwa usingizi wa siku mbili na chakula cha moto.

Zaburi nazo ziko 150, na karibu theluthi yake ni vilio. Ile ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata neno la shukrani mwishoni, na bado ikahifadhiwa miongoni mwa nyimbo za ibada za Israeli. Anayelia mbele za Mungu yuko mahali pake.

Kama Mungu ameahidi, kwa nini mtu aendelee kuhangaika?

Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume inalijibu swali hili vizuri kuliko hotuba nyingi. Msomaji aliyekulia Lamu au Pemba ataiona kila hatua yake mbele ya macho.

Paulo alikuwa mfungwa anayepelekwa Roma ndani ya merikebu ya Aleksandria iliyobeba ngano, watu 276 kwa jumla. Walipofika Bandari Nzuri, kisiwani Krete, alionya kwamba msimu wa kusafiri umekwisha. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye chombo. Kusi ikavuma taratibu, wakadhani mambo ni shwari, kisha upepo mkali ukashuka kutoka kisiwani na kukichukua chombo. Wakatupa shehena, wakatupa na vyombo vya merikebu. Siku nyingi zikapita bila jua wala nyota, na mabaharia waliozaliwa baharini wakakata tamaa.

Usiku mmoja Paulo akapata ahadi: hakuna hata mmoja atakayepotea, isipokuwa merikebu. Mtu angetegemea baada ya hapo ajifunike blanketi alale. Tazama alichofanya.

Usiku wa kumi na nne mabaharia walihisi nchi kavu iko karibu. Bildi ikaonyesha pima 20, mbele kidogo ikawa 15. Wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kupambazuke. Kisha baadhi yao wakaanza kuishusha mashua, wakijifanya wanakwenda kuweka nanga za omo, kumbe wanatoroka. Paulo akaliona hilo. Akamwambia akida waziwazi kwamba hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Yule yule aliyekuwa na ahadi mkononi ndiye aliyehakikisha wajuzi wa kazi hawaondoki chomboni.

Kabla hakujapambazuka aliwasihi wote wale. Walikuwa wamekaa siku kumi na nne bila chakula cha maana, na kuogelea kulikuwa mbele yao. Akachukua mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula. Wengine wakapata moyo, wakala. Asubuhi merikebu ikakwama mchangani, tezi ikavunjwa na mawimbi. Wanaojua kuogelea wakatangulia, wengine wakashika mbao na vipande vya chombo, wakafika pwani wote. Huko Melita, kisiwa walichofikia, mvua ikinyesha na baridi ikiuma, Paulo alikuwa akiokota kuni za moto wa wenzake.

Hapo ndipo jibu lilipo. Ahadi ya Mungu ilizihesabu nanga, mikono ya mabaharia, mkate na zile mbao kuwa sehemu ya namna itakavyotimia. Aliyeahidiwa kufika pwani bado alipaswa kujitosa majini.

Kumeza dawa si kumdharau Mungu mponyaji?

Mfalme Hezekia aliugua kufa, akalia, akaongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na bado nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe kwenye jipu lake. Luka, aliyesafiri na Paulo, alikuwa tabibu. Kanisa katika nchi zetu halikungoja kufundishwa jambo hili: Hospitali ya Mengo ilianzishwa Kampala mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook, na hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa 1971, ilijengwa kwa juhudi za Wakristo. Waliozijenga waliomba pia.

Kwa nini swali hili lisichukuliwe kijuujuu? Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi, watu waliodaiwa kuambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Weka jambo hilo kando ya Paulo anayewasihi watu 276 wale mkate ili waokoke, na tofauti inaonekana bila msaada wa mwanateolojia. Mahubiri yanayomtaka mwenye kisukari aache insulini, au mwenye VVU atupe dawa zake ili kuthibitisha imani, yakataliwe, hata kama msemaji amejaza uwanja. Aombewe mgonjwa, na tarehe ya kliniki ikumbukwe.

Vipi kwa aliyeomba miaka na hakuna kilichobadilika?

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa Mei 1844 pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Julai homa ikawaangusha wote wawili. Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafa baada ya siku chache, na mtoto akamfuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alikuwa hoi kitandani mwenyewe, katika mji ambao hakuwa na ndugu.

Tayari alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Akaendelea. Baada ya miaka miwili mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, akaungana naye, wakafungua kituo Rabai. Waongofu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyefariki muda mfupi baada ya kubatizwa. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha Krapf kurudi Ulaya. Rebmann alibaki mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Kwa hesabu ya kawaida, hiyo ni kazi iliyoshindwa. Lakini Rabai ikaja kuwa kimbilio la watu waliotoroka utumwa, chini ya viongozi Waafrika kama William Jones, ambaye naye alikombolewa utumwani na kusomeshwa India. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ikachapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Si kila fikra ya wamisionari wale ni ya kuigwa, na mengi waliyoandika kuhusu wenyeji wao yanaumiza kuyasoma. Hata hivyo, mwanamume aliyezika mke na mtoto ndani ya mwezi mmoja, akarudi kwenye karatasi zake, ana la kumwambia anayeomba leo bila kuona dalili.

Na yapo maombi yasiyojibiwa kama tulivyotaka mpaka kaburini. Rosine hakupona. Mchungaji mwaminifu hatamficha mshirika wake jambo hilo.

Mtu mwenye imani akimbie hatari, au abaki?

Historia ya Uganda inatoa majibu mawili ndani ya mwezi mmoja, na yote mawili ni ya imani.

Usiku wa manane, 5 Februari 1977, askari wa Rais Idi Amin waliivamia nyumba ya Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, wakidai kutafuta silaha. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kupinga uonevu na mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari Luwum akaitwa mbele ya mkutano wa wanajeshi Kampala, akashutumiwa kwa njama, akazuiwa wenzake walipoachiwa. Serikali ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Watu hawakuamini. Alizikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi.

Askofu wa Kigezi, Festo Kivengere, alikuwa mmoja wa maaskofu wale. Mtu huyu, aliyewahi kufundisha Dodoma kwa miaka kadhaa, alipata habari kwamba anatafutwa. Yeye na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu, usiku, mpaka Rwanda. Uhamishoni akahudumia wakimbizi wenzake na kuandika kitabu cha kutangaza kwamba amemsamehe Amin. Utawala ule ulipoanguka 1979, akarudi nyumbani kujenga.

Anayemsifu Luwum kwa kubaki hana sababu ya kumlaumu Kivengere kwa kuondoka. Mtume Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu, na mwaka mwingine akaenda Yerusalemu akijua vifungo vinamngoja. Hili linamhusu sana mwanamke anayepigwa nyumbani na kuambiwa na wazee avumilie tu kwa sababu ana imani. Kumtumaini Mungu hakumzuii kuchukua watoto na kuondoka, wala kufika dawati la jinsia polisi. Atakayemwambia vinginevyo abebe yeye dhamana ya kitakachotokea.

Wapo wanaosema majaribu ni adhabu ya dhambi. Ni kweli?

Rafiki za Ayubu walisema hivyo, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Yesu aliulizwa nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake, akajibu si huyu wala hao. Mtu akikosea, makosa yana matokeo yake, na atubu. Lakini kumpekua mgonjwa ili kutafuta siri iliyomlaza kitandani ni ukatili, na kumwambia apande mbegu ya fedha ili afunguliwe ni kumwibia aliyekwisha kuibiwa na shida.

Basi aliye katikati ya jaribu aanzie wapi wiki hii?

Nehemia, alipotishiwa na maadui wa Yerusalemu, aliomba na akaweka walinzi mchana na usiku. Mpangilio huo unafaa hata leo. Mwenye deni aombe, kisha aende kwa mkopeshaji kabla siku ya marejesho haijapita, aeleze hali, aombe kupangiwa upya. Ofisi nyingi humsikiliza anayekuja mwenyewe kuliko anayezima simu. Aliyepunguzwa kazini aombe, na barua ya kuachishwa aikague pamoja na mtu anayejua haki za wafanyakazi. Mjane aombe, na cheti cha ndoa na hati ya kiwanja vihifadhiwe mahali salama kabla kikao cha ukoo hakijaitishwa.

Jambo linaloshinda wengi ni kusema. Wakristo hujifunza mapema kujibu "Bwana asifiwe" na tabasamu hata nyumba inapowaka. Wanauamsho wa Afrika Mashariki, wale ndugu walioimba Tukutendereza, waliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya kukutana na kuelezana hali zao bila kuficha. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali, wakachukiwa na pande zote mbili. Hawakuweza kusimama hivyo kila mtu peke yake. Walijuana kwa majina na kwa shida zao, walilindana na walizikana.

Kwa hiyo mwenye mzigo achague mtu mmoja anayetunza siri, kwenye jumuiya au kwaya, amweleze ukweli wote. Na akiona mawazo ya kujiua yanamrudia, asingoje mkesha wa Ijumaa. Afike hospitali leo, na asiende peke yake.

Na wewe ambaye mwezi huu uko salama: yupo mtu kanisani kwenu ambaye hajaonekana Jumapili kadhaa. Mpigie simu, halafu mwendee na kilo mbili za unga na muda wa kukaa naye.